Kasoro Kwanza, Sifa Baadaye

Hermani wa Tlawi alizaliwa na sauti kubwa kuliko mahitaji ya familia yao. Akiwa mtoto, akiita mbuzi upande huu wa bonde, mbuzi wa watu upande wa pili nao wanakuja. Kanisani walimweka mstari wa nyuma kabisa wa kwaya, na bado alisikika yeye tu. Lakini sauti ile ilikaa bure miaka mingi, kwa sababu enzi zile hapakuwa na cha kutangaza. Duka la ushirika lilikuwa na sabuni ya aina moja, tena siku ikiwepo. Nani akutangazie sabuni ambayo umeipangia foleni tangu alfajiri?

Kisha biashara ikafunguliwa. Mitumba ikaja kwa malori, zikaja redio, betri na viatu vya plastiki vya kila rangi, na kwenye mnada wa Basotu watu kumi wakajikuta wanauza kitu kile kile. Hapo Hermani akateremka kutoka milimani na mkewe Hilaria, akapata kazi kwa Nicodemo, mtu wa kwanza pale kuwa na banda la video. Nicodemo alikuwa na jenereta, televisheni moja, mabenchi, na kipaza sauti cha betri cha kushika mkononi. Kipaza akampa Hermani.

Kwa miaka kumi na miwili Hermani alikuwa mfalme. "Picha ya leo, watu arobaini wanakufa kabla hujakaa vizuri!" Hata ikiwa ni picha ya harusi ya Kihindi, watu arobaini lazima wafe. Watu wanaingia, wanatoka wananung'unika, mnada unaofuata wanaingia tena. Akipita kwenye kibanda cha Getruda, chai inamiminwa kabla hajaagiza. Na tusifichane, alikuwa anaipenda hali ile kuliko alivyopenda chai.

Mwaka ule Manyara ilipokatwa kutoka Arusha ikawa mkoa wake, Gidamis alirudi. Huyu alikuwa mtu wa Dirma, wa familia ya wafugaji, aliyeugua akili akapelekwa hospitali ya mbali na kukaa huko miaka mitatu. Alirudi mpole, amenenepa kidogo, na vidonge vyake vya asubuhi alivimeza mbele ya mtu yeyote bila aibu. Nicodemo akamwonea huruma, akampa kazi ya kufagia banda. Basi siku moja ya mnada Hermani akashikwa na homa, na kwa kukosa mtu mwingine, Nicodemo akamkabidhi Gidamis kipaza.

Sasa, kwao Gidamis, ukimuuzia ndugu yako ng'ombe unaanza na kasoro. Unasema anapiga teke, unasema chuchu moja imekufa, ndipo unafika kwenye maziwa. Ukianza na sifa, mnunuzi anajifunga shuka lake anaondoka. Gidamis hakujua namna nyingine ya kuuza kitu.

"Habari za mnada," alisema kwenye kipaza, polepole. "Picha ya leo ni ya kuchekesha. Kasoro yake, wanaongea Kizungu na mimi sikuelewa. Mwanzo unachosha. Benchi la mbele limevunjika mguu. Lakini kuna mzee mmoja anafukuzwa na bata, hapo nilicheka mpaka nikashika ukuta. Hakuna anayekufa."

Wafugaji waliokuwa wamepita mbele ya banda lile miaka kumi na miwili bila kugeuza shingo, siku ile waligeuka. Banda lilijaa mpaka wengine wakachungulia kwenye matundu ya mabati. Mzee alipofukuzwa na bata, kicheko kilimfikia Hermani kitandani.

"Umesikia?" alimwambia Hilaria, akiketi na homa yake. "Amewaambia benchi limevunjika!"

"Si limevunjika kweli?"

"Limevunjika! Lakini ndiyo jambo la kusema kwenye kipaza?"

Hilaria akacheka, na kicheko kile cha mkewe kilimuuma kuliko kile cha banda zima. Wivu ukamwingia, uji aliopikiwa akausukuma pembeni.

Tangu hapo Nicodemo akawapa zamu, mnada huu Hermani, mnada ujao Gidamis. Watu wakaanza kuuliza mapema, "Leo anasema nani?" wakisikia ni Hermani wanaenda kwanza kuangalia bei ya mbuzi. Getruda akaanza kummiminia chai Gidamis wa kwanza. Kila asubuhi Gidamis alimsalimu Hermani kwa jina la mwanawe, "Shikamoo, Baba Lucia," naye akajifanya anakagua betri. Alikaa akimtazama midomo, atambue siri iko wapi. Akaona labda ni ule upole. Akajaribu upole, Hilaria akamuuliza kama homa imerudi. Kuna asubuhi alivionea wivu hata vile vidonge.

Mwishowe akajiambia, kumbe ni kasoro tu wanazotaka? Zamu yake ilipofika akasimama juu ya kreti ya soda. "Picha ya leo ni ya kuchekesha, lakini mkanda wake ni mbovu! Unakatika katikati! Mwisho hamtauona!"

Mkanda ulikuwa mpya kabisa. Lakini mtu aliyebuni sifa maisha yake yote hakuona kosa lolote kubuni na kasoro.

Banda lilijaa. Tatizo ni kwamba watu walikaa wakingoja mkanda ukatike. Picha ya kuchekesha ikapita mbele yao na hakuna aliyecheka, kila mmoja amekaza macho asije akapitwa. Picha ikaisha salama. Mzee mmoja wa Dirma akasimama na fimbo yake.

"Mkanda haukukatika," alisema.

"Si bora, mzee wangu? Mmeona mpaka mwisho!"

"Kasoro uliyotuambia iko wapi?"

Hermani akatazama huku na huku, hakuona uso mmoja unaomwelewa. Ya watu arobaini walikuwa wakimsamehe, kwa sababu sifa kila mtu anajua ni maneno. Kudanganya kwenye kasoro hawakuwahi kuona. Nicodemo ikambidi aonyeshe picha nyingine bure, na watu walipotoka akanyoosha mkono. Hermani akampa kipaza.

Mnada uliofuata alikaa kwa Getruda bila kazi, akisikiliza sauti ya mwenzake ikitoka kwenye kipaza alichokishika miaka kumi na miwili. Alivumilia kikombe kimoja. Cha pili akakiacha, akaenda katikati ya watu, na sauti yake haikuhitaji betri.

"Mnamsikiliza mwendawazimu! Alifungwa kamba hapa hapa, mlimwona! Leo ndiye anawaambia la kufanya?"

Watu wakageukia banda. Gidamis alishusha kipaza, akafikiri kidogo, akakipandisha tena.

"Ni kweli niliugua akili," alisema. "Vidonge ninavyo mfukoni. Sasa niwatangazie Baba Lucia, maana Nicodemo amemwachisha kazi. Kasoro zake, anadanganya. Akiudhiwa anapiga kelele, mmemsikia. Ana wivu, mwezi wa tatu huu haitikii shikamoo yangu." Akavuta pumzi. "Mwaka ule nilioumwa, ndugu zangu walinifunga kwenye nguzo pale karibu na josho, tukisubiri gari. Walikuwa wamechoka, siwalaumu. Mnada wote mlikuja kunitazama. Mikono imefungwa, nzi wamenijaa machoni. Huyu aliacha kazi yake akaja akakaa, akanifukuzia nzi kwa kofia mpaka gari likafika. Hakusema neno hata moja. Ni hayo tu. Anayemtaka amchukue."

Getruda alijifuta macho kwa kanga. Yule mzee wa Dirma alitazama chini. Nicodemo alikuja mwenyewe, akachukua kipaza kwa Gidamis, akamwekea Hermani mkononi, akasema kazi ipo ya watu wawili. Watu wakangoja aseme kitu. Akakirudisha kwa Gidamis na kwenda nyumbani mchana kweupe.

Hilaria alimkuta amekaa mlangoni, macho mekundu.

"Unalia nini? Nimesikia umerudishiwa kazi."

"Nimerudishiwa."

"Au amekusema vibaya?"

"Amesema vizuri mno." Hermani alijipangusa pua. "Miaka yote ile, Mama Lucia, sijawahi kutangaza kitu watu wakalia. Yeye amenitangaza mimi, hivi nilivyo, wakalia." Akageuza kofia yake mkononi. "Na wale nzi nilikuwa nimeshawasahau. Yeye hakusahau. Hata hilo namwonea wivu."