Matia Qiao Deshun, Mwana wa Wasio na Mwana

Alizaliwa majira ya baridi ya mwaka 1831, katika kijiji cha Baishugou, mkoa wa Shanxi, akaitwa Deshun, na kwa ubatizo Matia. Baba yake alikuwa mfinyanzi kama babu zake, na ukoo wao wa Qiao ulishika imani tangu enzi ambazo Misa ilisomwa mapangoni kwa sauti ya chini. Tanuri lao lilitoa mitungi ya siki isiyovuja. Lilitoa pia mabakuli ya msiba, ambayo ufundi wake ni kinyume kabisa: huchomwa kidogo tu, kwa sababu yamefinyangwa ili yavunjike. Jeneza linapoinuliwa mlangoni, mwana wa kiume hulichukua bakuli ambamo karatasi za wafu, yaani fedha za karatasi anazotumiwa marehemu, zimechomwa, akalipiga chini, nalo hupasuka papo hapo. Halirushwi mara ya pili. Hapo ndipo wabebaji hutia mguu njiani. Asiye na mwana hubaki mlangoni mpaka apatikane wa kulivunja, na atakayelivunja amekuwa mwana: nyumba ni yake, na maombolezo ya karibu miaka mitatu ni yake pia.

Matia alikua mpole na mcheshi, mwenye masikio makubwa ambayo wenzake hawakuchoka kuyatania. Alichumbiwa binti wa bonde la pili, aliyemwona mara moja tu gulioni na kumpenda. Tunalisema hili ili waamini wajue kwamba hakuzaliwa mtawa. Alitaka mke, watoto, na uji wa mtama ulioungwa na mtu anayempenda, kama sisi sote.

Wito ulimjia kiangazi cha mwaka 1853, akiwa na bakuli begani. Mzee Qiao Youcai, ndugu wa mbali asiye Mkristo, alikuwa amefariki bila mtoto, akimwacha mjane wake, Mama Hao, mwanamke mkali wa ulimi. Matia alipeleka bakuli alilokuwa ameagizwa, wakachoma karatasi ndani yake, lakini jeneza halikuondoka. Mpwa wa marehemu, Laiwang, alisimama kando, mikono kaikunja kifuani.

"Mama mkubwa, toa kauli basi," alisema. "Nyumba niachie, wewe rudi kwenu, mimi nivunje bakuli, mzee apumzike. Sina haraka mie."

"Kwetu wapi, mwanahizaya? Kwetu wamebaki makaburi tu!"

Jua lilikuwa kali, nzi wamejaa. Mama Hao aliketi chini, akashika kipepeo cha majani, akaanza kulipepea jeneza taratibu, kana kwamba mzee bado anasikia joto. Matia alipoona mkono ule ukienda na kurudi, moyo ulimshinda. Alipiga hatua, akaliinua bakuli, akalivunja.

"Umefanya nini, we masikio?" Laiwang alipiga kelele.

Hata Matia mwenyewe alikuwa ametahayari. Ni Mama Hao aliyeinuka, akamtazama juu mpaka chini. "Haya, mwanangu," alisema. "Kung'uta kwanza hayo majivu miguuni. Tunakwenda kumzika baba yako."

Baada ya maziko Matia alitangaza mbele ya ukoo kwamba nyumba haitaki: mama atakaa humo hadi mwisho wake, kisha Laiwang aichukue. Laiwang hakuamini hata neno moja, akaeneza habari kwamba yule ana hila. Nao wazazi wa mchumba walipojua kuwa kijana amejifunga maombolezo, walimtuma mshenga kurudisha mahari, na binti akaolewa kwingine. Matia alijifungia bandani kwa tanuri, akalia sana. Hatuoni haya kuliandika.

Lakini jaribu kubwa lilikuwa bado. Vuli hiyo alifika Padri Guo, mchungaji wa vijiji vile, mtu mwadilifu na mgumu, aliyekuwa na amri ya Kanisa mkononi: mwamini asishiriki karatasi za wafu. Alimtaka Matia asimame mbele ya waamini, akiri kosa na kutamka kwamba mwanamke yule si mama yake.

"Baba Padri," Matia alijibu, "karatasi naziungama, tena kwa machozi. Mama simkani."

"Basi na Komunyo huipati, mpaka ulimi wako ulegee."

Akawa anapiga magoti kizingitini mwa kanisa, mwaka baada ya mwaka, akiwatazama wenzake wakipokea alichokitamani kuliko chakula. Hakunung'unika, wala hakuhamia parokia nyingine. Mama Hao, ambaye hakuwa na imani, alimfuata na kigoda chake, akaketi nje ya mlango.

"Huyo Mungu wenu akikunyima chakula chake, njoo ule changu," alimnong'oneza, akimpa mkate wa mvuke uliofungwa kitambaani.

"Mama, Misa haijaisha."

"Kwako iliisha zamani. Kula."

Naye alikula nje ya mlango, akicheka na macho yamejaa machozi. Mwaka 1869 mama yule alishikwa na ugonjwa wa kifua, akasema, "Nibatize wewe, nisije nikatengwa nawe huko." Padri alikuwa mbali, na saa ilikuwa imekwisha, hivyo Matia alimbatiza kama Kanisa linavyoruhusu, akamfumba macho, akamvunjia bakuli safi lisilochomewa karatasi. Laiwang alipokwenda kuichukua nyumba, aliikuta imefagiwa na jiko limewashwa. Alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuingia.

Kisha ikaja njaa kuu ya mwaka 1877. Mvua iligoma, watu wakala magome ya miti, na wafu wakalala barabarani bila wa kuwaita baba wala mama. Matia alizunguka na mkokoteni akiwakusanya, Wakristo na wasio Wakristo, na kila mmoja alimvunjia bakuli. Kuni zilipokosekana, aliyaanika juani. Masika yaliyofuata, Padri Guo aliletwa kijijini akiwa na homa ya kuambukiza, na milango ikafungwa mbele yake. Matia alimlaza bandani kwa tanuri, mahali penye joto, akamlisha uji kijiko kwa kijiko.

"Deshun," Padri alisema siku ya tatu, "nikifa, nani atanivunjia bakuli?"

Matia alidhani ni homa inayosema. "Baba Padri, si ulikataza?"

"Nilikataza karatasi, nikamkataza na mama pamoja nazo. Karatasi nilikuwa sahihi. Mama..." Alishika mkono wa mfinyanzi. "Nisamehe, mwanangu."

Kisha alifungua kijaluba kilichokuwa shingoni mwake, akampa Mwili wa Bwana. Matia alibaki amepiga magoti mpaka Padri mwenyewe akamwambia kwa sauti dhaifu, "Inuka basi, uji unaungua." Siku iliyofuata alfajiri Padri alifariki, na mlangoni mwa banda lile Matia alivunja bakuli, akaita, "Baba!" Walioisikia sauti ile walisema hakuna mwana wa damu aliyewahi kuita vile.

Matia Qiao Deshun alilala katika Bwana mwaka 1896, akiwa mzee, hana mke wala mtoto. Rafuni aliacha bakuli moja, alilolichoma kidogo kwa ajili ya siku yake. Kabla watu hawajaulizana nani alivunje, Laiwang alijitokeza, mkongojo mkononi, kavaa nguo nyeupe za maombolezo.

"Laiwang, leo kuna nyumba gani hapa?" mtu mmoja alimchokoza.

"Nyamaza we. Kuna kaka yangu."

Alilipiga chini juu ya jiwe kwa nguvu zake zote. Bakuli halikuvunjika. Lililia kama kengele, likabiringika kuteremka njia mpaka kizingitini mwa kanisa, pale pale Matia alipopiga magoti miaka yote ile, likatulia. Watu waliingiwa na hofu. Laiwang alianguka kifudifudi. "Kaka, unanikataa? Hata leo?"

Mbebaji mmoja aliyekuwa ameshika mti wa jeneza ndiye aliyesema, "Hakukatai, mzee. Anakuonyesha mlango." Wakaliinua jeneza, wakaenda.

Pasaka iliyofuata Laiwang alibatizwa, na maji yalikuwa ndani ya bakuli lile. Tangu hapo watoto wa Baishugou hubatizwa kwalo. Udongo uliochomwa kidogo hivyo ulipaswa kulainika kwa maji siku ya kwanza, nao hauvuji. Wafinyanzi wengine husema mzee alipitiwa tu, akalisahau tanurini. Hatubishani nao.

Nawe, mwamini unayetaka kumfuata Matia, usiende kutafuta bakuli. Tafuta mlango ambao jeneza limekwama na kila mtu amekunja mikono. Atakuwapo mtu ameketi chini, anapepea. Mwite Mama.