Aliyejibu Swali la Kwanza Tu

Mdogo wangu wa kike ni mbishi, lakini si mbishi wa kutaka kushinda, huyo ningemmudu. Yeye hubisha kwa niaba ya mtu asiyekuwepo. Ukianza kumsema jirani mbele yake, kabla hujafika kwenye utamu wenyewe, atakukatiza: "Na upande wa pili je?" Umbea wangu mwingi umefia mikononi mwake. Ndiyo maana tangu utotoni tunamwita Upande wa Pili, na akitokea penye kikao cha wanawake, mazungumzo hugeuka ghafla yakawa ya mvua na jua.

Tabia hiyo ndiyo iliyomponza chuoni. Mtihani una maswali kadhaa. Yeye analishika la kwanza, anatoa hoja za upande huu, anatoa za upande ule, anawahurumia na walio katikati, mara kengele inalia. Akasoma hivyo mpaka mwisho, akatoka na shahada ya daraja la chini kabisa, lile wanaloliita pasi. Mama kwa furaha yake akamwambia jirani kupitia dirishani, "Mwanangu kapata pasi!"

Jirani akajibu, "Hongera! Ya umeme au ya mkaa?"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye naye alicheka, halafu akaingia chumbani akafunga mlango.

Kazi aliyoipata ilikuwa kwenye duka la vyombo vya umeme, meza ya nyuma kabisa, mahali vinaporudishwa vitu vilivyoharibika. Birika, feni, blenda, na pasi zenyewe. Mungu naye ana vituko. Mteja anafoka kwamba ameuziwa kitu kibovu, fundi anaapa kwamba birika limewashwa bila maji, na mdogo wangu anawaketisha wote wawili na kuwasikiliza. Miaka ikaenda. Siku moja, sahani ikiwa bado mkononi, akatutangazia kwamba ameomba kusomea sheria.

"Kwa alama zipi?" nikamuuliza. Ulimi wangu hauna breki.

"Hizohizo, dada."

Kumbe chuo alichoomba huwaita kwenye usaili watu wenye alama ndogo, mradi wawe wamefanya kazi kwa muda. Ila mlango hufunguliwa mara moja tu. Ukikataliwa, huombi tena.

Mjomba, bingwa wetu wa njia za mkato, akaja siku hiyohiyo na dawa. "Lazima watakuuliza kuhusu alama. Waambie baba alikuwa mahututi. Kwani marehemu hakuugua?"

"Aliugua nikiwa nimeshamaliza, Mjomba."

"Sasa nani ataenda kuchunguza?"

Nikamuunga mkono. Nilitaka apate, basi. Ukweli ningeushughulikia baadaye. Mama alikuwa anachambua mchele, na hakuinua kichwa.

"Baba yenu amekufa akijua mwanawe kafaulu," akasema. "Msimfufue leo mkamfanya sababu ya kufeli."

Mjomba akaaga. Chai yake ilibaki nusu.

Siku ya usaili nilimsindikiza, nikabaki kwenye benchi nje ya mlango. Ya ndani alinisimulia mwenyewe, na kutia chumvi hajui, hata ukimlipa. Walikuwa wahadhiri watatu, na mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye sauti ndogo.

"Alama zako zinatuambia hufai," mama yule akaanza. "Unasemaje?"

"Zinasema kweli. Nilikuwa najibu swali la kwanza tu." Akawaeleza jinsi ilivyokuwa. Mhadhiri mmoja akaangua kicheko, kisha akajifanya anakohoa. Mwenyekiti hakucheka.

"Hakimu hana siku nzima, binti. Nakupa dakika tano. Tupe sababu za kukukataa, kisha sababu za kukupokea."

Niliposimuliwa hapo moyo ulinilipuka. Hiyo ni kumkabidhi fisi bucha alinde!

Akaanza kwa kujikataa, na alijikataa vizuri. Kwamba sheria ina vitabu vinene kuliko vyote vilivyomshinda. Kwamba nafasi ni chache, na pale kwenye benchi wapo vijana wenye alama safi wanaozitaka. Hoja nyingine ikamjia, anasema tamu kuliko zote zilizotangulia, ikamkaa kabisa kwenye ncha ya ulimi. Akaimeza. Akahamia upande wake mwenyewe. Akawaambia kwamba kila siku husikiliza watu wenye hasira, na huamua kabla duka halijafungwa, na wapo walioshindwa mezani pake wakarudi kununua kitu kingine. Akasema hajawahi kutaka jambo kama anavyolitaka hili.

"Bado una dakika nzima," mwenyekiti akamwambia.

"Nimemaliza."

Neno hilo, nakuapia, sisi nyumbani hatujawahi kulisikia kinywani mwake, hata kwenye chakula.

Tukasubiri majibu. Mama alipunguza kusema, mimi nilizidisha. Mimi ni fundi cherehani, na simu ilipolia nilikuwa nimepiga magoti nampima mteja pindo la gauni, pini zimejaa mdomoni.

"Dada, wamenichukua."

Nikazitema pini zote sakafuni. "Weee!"

"Kwa masharti lakini. Nikifeli hata somo moja mwaka wa kwanza, wananitoa."

"Unaogopa?"

"Sana. Ila nimeshamwambia bosi atafute mtu mwingine wa kukaa mezani."

Hapo machozi yakanishinda. Nikalia kwa sauti, palepale chini, pindo la watu mkononi. Mteja akaruka, gauni limepimwa nusu, akanishika bega.

"Jamani, fundi, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Mdogo wangu anaenda kusomea sheria."