Mama Alikisubiri Kifaa Changu

Aliyekosa ni mimi. Mashangazi zangu wanasema mama alirogwa, nami nimewaacha waseme. Nimechoka, acha nitapike!

Kwetu ni Ujiji, lakini nasoma chuo kikuu cha mbali. Kazi yangu ni kuchunguza seli za saratani. Tunazipitisha kwenye kifaa cha plastiki angavu, kidogo kama kiberiti, chenye vijifereji vyembamba kuliko unywele, tuone zinavyojipenyeza. Ni uchunguzi tu. Hakitibu hata mafua!

Likizo moja nilimwonyesha mama video ya kifaa hicho kwenye simu. Mama aliuza dagaa sokoni Katonga. Wiki haikuisha, soko zima likajua binti yake anaikamata kansa. Wakaniita daktari. Nami, mpenda sifa, sikumsahihisha mtu.

Mwaka uliofuata mama akaota uvimbe kwenye titi. Hospitali wakamwambia ungali mdogo, utolewe mapema. Akanipigia simu.

"Mwana wanje, wanataka kunikata. Kile kifaa chako kitakuwa tayari lini?"

Ningesema ukweli palepale! Lakini niliona aibu, nikafikiria Katonga watakavyonicheka. Nikajibu, "Bado kidogo, mama. Tuombe Mungu."

Kumbe akakataa upasuaji. Miezi minane sikuuliza, maana niliogopa jibu. Na kila asubuhi nilikuwa kwenye hadubini, natazama seli zinabanwa, zinapenya, zinasonga mbele. Ukoo mzima, hakuna aliyejua kama mimi zinafanya nini zikiachwa!

Nilipoitwa nyumbani, ugonjwa ulishafika kwenye mapafu. Mama akaniuliza kama nimekuja nacho. Ee Mola wangu! Nikamwambia kwamba hakikuwa dawa tangu mwanzo.

Akasema, "Ungeniambia tu, mwanangu."

Tulimzika Ijumaa. Matangani, mwenzake wa Katonga akanivuta pembeni, mkono uko kifuani chini ya kanga.

"Daktari wetu, na mie ninao uvimbe. Nikusubiri?"

Nililia mpaka watu wakaja kunishika. "Usinisubiri, mama! Sina kitu!" Kesho yake nilimpeleka hospitali mwenyewe.

Ndugu mliosoma, watu wenu wanawaamini kuliko mnavyodhani. Wakikupa sifa isiyo yako, ikatae hadharani siku hiyohiyo. Mimi ningechekwa siku mbili tatu, na mama leo angekuwa anaanika dagaa wake.