Chaki Kwenye Milango ya Watu

Kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya kazini nililifanya kwa chaki, na mpaka leo silijutii.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, mji wa Silver Spring, Marekani. Wikendi nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza, nawaogesha na kuwalisha, na katikati ya juma natafuta kibarua kingine cha kujazia. Siku moja nikaona tangazo limebandikwa ukutani kwenye duka la Waethiopia ninakonunua unga na maharage. Walikuwa wanataka watu wa kutembea mitaani na kuandika anwani za nyumba, matayarisho ya sensa ya taifa. Nilisimama pale na mfuko wangu wa unga, nikalisoma mara mbili. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mkoa wa Dodoma, na sensa ya mwaka themanini na nane nilikuwa karani. Nikajiambia, kazi hii naijua kuliko wao, hawa hawana la kunifundisha. Mdharau mwiba humchoma, lakini nani hukumbuka methali akiwa na furaha?

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa. Msimamizi wetu alikuwa mama Mmarekani mweusi, mstaafu wa posta, aliyebeba barua katika mitaa hiyohiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa na magoti mabovu na sauti ya kuamrisha, na mimi nilimpenda tangu siku ya kwanza. Kabla ya kutufundisha neno lolote alitusimamisha, tukainua mkono wa kulia, tukaapa kwamba tutakayoyaona hatutamwambia mtu, si polisi, si jirani, si mume wala mke. Tulikuwa wanafunzi wa chuo, wastaafu, mama wa Kisalvador, na mimi. Kiapo kilipoisha nilihisi mwili umenisisimka, maana sikuwahi kuaminiwa na serikali yoyote namna ile.

Kisha akatandaza ramani. Kila barabara ilikuwepo, kila kijito, reli ya treni ya mjini, hata vichochoro ambavyo nilidhani navijua mimi na paka tu. Akasema wenzetu wanafanya kazi hiihii jangwani, milimani, na huko kaskazini kwenye barafu, na kwamba hata mtu akiishi ndani ya boti, boti hiyo ina mstari wake kwenye kitabu. Niliitazama ile ramani nikafikiria nchi nzima hiyo inazungukwa na watu kama sisi, wenye viatu vya kawaida na chupa ya maji, mlango kwa mlango. Nilishikwa na kicho. Sina neno jingine.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba huku walianza na nyumba. Kwetu ulikwenda na mjumbe wa nyumba kumi, anayewajua wote mpaka mbuzi zao, ukakaa kwenye kigoda ukauliza nani alilala hapa usiku wa sensa. Huku hatukuuliza jina la mtu. Tuliandika milango. Barua ingefuata baadaye, na barua ndiyo ingewauliza watu. Msimamizi wetu alituambia kwamba mlango usioandikwa haupati barua, na asiyepata barua ni rahisi kusahauliwa, basi tusiondoke kwenye nyumba kabla hatujaizunguka. Tutazame mita za umeme kama ni mbili, kengele kama ni mbili, majani kama yamekanyagwa kuelekea mlango wa pembeni. Mdomo wa mwenye nyumba tuusikilize, alisema, lakini tuamini mita.

Niliyasikia yote hayo. Nikaona tu kwamba wamesahau kitu kimoja: hawakutupa chaki.

Kwetu sensa bila chaki haijawahi kuonekana. Ukimaliza kaya unaandika namba yake mlangoni, ili mwenzako asiirudie na msimamizi ajue umefika. Hakuna aliyethubutu kuifuta. Watoto walipigwa makofi kwa kuigusa. Basi nikasema moyoni, nchi kubwa namna hii, ina ramani ya kila kichochoro, imesahau chaki, ngoja niwasaidie. Nikanunua kiboksi changu.

Mtaa wangu wa kwanza ulikuwa na nyumba kumi na saba, za ghorofa moja moja, zenye bustani mbele, miti imeanza kupukutisha majani. Niligonga, nikajitambulisha, nikaandika kwenye kitabu, na kila nilipoagwa na mlango kufungwa nikachora namba kwenye fremu, upande wa kulia, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Kwenye nyumba ya kumi na moja alitoka baba mmoja mwenye haraka. Nilimuuliza kama kuna wengine wanaoishi pale wenye mlango wao. Akasema hakuna, ni wao tu. Nikashukuru, nikachora kumi na moja yangu, nikaendelea. Sikuizunguka nyumba. Nilikuwa nimevimba kichwa, nafurahia jinsi mtaa ulivyopendeza na namba zangu.

Asubuhi ya pili msimamizi alinikuta kwenye kona ya mtaa huohuo. Simu zilikuwa zimeita tangu jioni. Wakazi walikuwa wametoka nje wakakuta alama milangoni, na katika mtaa ule alama mlangoni ilikuwa na maana moja tu: wezi wamepita wakachagua nyumba. Bibi mmoja alikuwa amelala na taa zote zimewashwa. Msimamizi aliniuliza nilikuwa nawaza nini. Nikamweleza habari za Dodoma, za kaya na chaki, nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtoto aliyeharibu daftari. Kisha akafungua buti la gari lake akatoa ndoo na matambara mawili, akaniambia tutafuta pamoja na tutaomba radhi pamoja, kila mlango.

Ndivyo tulivyofanya. Aibu niliyoiona siku hiyo sitaki mwanangu aione. Mwanamke wa umri ule, na magoti yale, anapanda ngazi za watu kwa ajili ya ujinga wangu, na kila mlango anasema huyu ni mfanyakazi wangu, ni mtu mzuri, amefanya kama wanavyofanya kwao.

Tulipofika ya kumi na moja baba yule hakuwepo, amekwenda kazini. Nilikuwa nafuta tarakimu ya pili ya ile namba nilipoisikia sauti ya Kiswahili kutoka pembeni mwa nyumba.

“Mbona mnafuta?”

Alikuwa mama mzee, mfupi, amevaa sweta juu ya sweta, na mtoto mchanga amefungwa mgongoni kwa khanga. Alisimama kwenye ngazi fupi zinazotoka chini ya nyumba, mkono mmoja kwenye mlango ambao mimi sikuwa nimeuona.

“Chaki nimeiona tangu jana kwa mlango ya juu,” akasema. “Nikasema, sawa, ni watu wa kuhesabu, kesho watafika kwangu. Sasa mnafuta kabla mnifikie?”

Nilimwamkia shikamoo. Akacheka kidogo, akasema marahaba, kumbe ni mtu wa Tanzania. Mimi sikuweza kucheka. Juu ya kichwa chake, ukutani, zilikuwepo mita mbili za umeme, zimekaa wazi kabisa, na majani yamekanyagwa mpaka kwenye ngazi zake. Mtaa mzima ulikuwa umeiona chaki yangu ukadhani ni wezi. Mtu mmoja tu ndiye aliyeisoma kama nilivyoiandika, na huyo ndiye niliyempita.

Alitueleza mwenyewe, mimi nikimtafsiria msimamizi. Alitoka Kisii, Kenya, miezi minane iliyopita, kuja kumlea mjukuu. Binti yake alikuwa anahudumia wagonjwa, zamu mbili kwa siku. Chumba kile hakikuwa na kibali cha kupangishwa, na mwenye nyumba, yule baba wa juu, alikuwa amewaambia wasionekane. Kwa hiyo mama alitoka tu mwenye nyumba anapokuwa kazini, akaota jua kwenye ngazi, akarudi ndani. Aliyasema haya bila kulalamika.

Binti akatukuta hapohapo. Alikuwa anatoka zamu, bado na sare, na aliponiona na kitabu alibadilika uso.

“Mum, nilikuambia nini kuhusu huu mlango?” Kisha akanigeukia. “Please, usituandike. Landlord akijua tumejulikana, atatu-evict, atatutoa nje. Na winter inakuja. Nitapeleka huyu mtoto wapi?”

Nilijaribu kumweleza habari ya kiapo. Akanisogelea, akashusha sauti, akasema mimi ni dada wa nyumbani, naelewa haya mambo. Niandike ni stoo. Neno moja tu, stoo, na hakuna atakayejua.

Ni kweli, hakuna ambaye angejua. Msimamizi hakuelewa Kiswahili, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeishi kwenye chumba kama kile mwaka wangu wa kwanza, najua baridi ya saruji yake. Nilitaka sana kuandika stoo. Lakini mama mzee alikuwa amesimama mbele yangu, na ningewezaje kumwandika stoo akinitazama? Nikamgeukia msimamizi nikamwambia yote, hata lile neno.

Akakaa kwenye ngazi, taratibu, kwa sababu ya magoti. Akasema kitabu kile mwenye nyumba hawezi kukifungua, wala polisi, wala watu wa uhamiaji, na yeye mwenyewe akifungua mdomo atakwenda jela. Hilo aliweza kuliapia. Lakini barua itakuja, na barua ina anwani juu yake, na hawezi kuwaapia kwamba mwenye nyumba hataiona. Sheria inasema mlango ulioonwa uandikwe. Hata hivyo hataki kuwadanganya kwamba hakuna hatari. Niliyatafsiri yote bila kuongeza sukari. Sikuwahi kusikia mtu wa serikali akimwambia mtu wa chini ukweli wote namna ile, hata ule unaomharibia kazi yake.

Binti akaanza kulia. Mama yake akamwacha alie kidogo, kisha akauliza swali moja.

“Nani anajua mimi niko hapa?”

Mama akajijibu mwenyewe.

“Ni wewe. Na huyu mtoto, na huyu hajui kuongea. Wewe unaendesha gari ukiwa na usingizi. Siku moja usiporudi, nani atakuja kugonga hii mlango? Mimi sikuja Amerika kujificha. Nilikuja kulea. Wacha waandike.”

Treni ilipita mbali, upande wa stesheni. Binti alimfungua mtoto mgongoni mwa mama yake, akambeba, akafuta uso kwa mkono wa sare.

“Andika,” akasema.

Niliandika. Mstari wa kumi na nane, chini kabisa ya ukurasa: mlango wa pembeni, chini ya nyumba. Nimeandika barua nyingi maishani, na ripoti za wanafunzi mamia, lakini sikuwahi kuukazia mwandiko mstari wowote kama ule. Ulikuwa wino kidogo tu, lakini ulinizidi nguvu.

Mama akanyoosha mkono akaniomba chaki. Nikamweleza kwa unyonge kwamba huku hawachori milango, ndiyo maana tunafuta. Akasema ya nje ni yenu, ya ndani ni yangu. Nikampa. Akaufungua mlango hadi ukutani, akaniuliza namba yao ni ngapi, akaandika kumi na nane upande wa ndani, polepole, tarakimu kubwa. Msimamizi wangu, aliyekuwa amefuta namba za milango kumi asubuhi hiyo na bado ana tambara mkononi, aliitazama ile namba akaliweka tambara kwenye ndoo.

Masika ya sensa yenyewe yalipofika nilipewa kazi ya kufuatilia nyumba ambazo hazikurudisha fomu iliyokuja na barua. Aliyejibu hafuatwi, anwani ya mlango wake haimo kwenye orodha. Kwenye orodha yangu ya mtaa ule ilikuwemo nyumba ya kumi na moja. Nilipekua kurasa mara mbili kutafuta mstari wa kumi na nane. Haukuwemo.

Nikagonga juu. Baba yule mwenye haraka akafungua, akalalamika kuwa hana nafasi, akajibu maswali yangu akiwa amesimama. Nilimuuliza mwisho kama kuna mwingine. Akasema hakuna, ni wao tu. Nikafunga mdomo kama nilivyoapa, nikamshukuru. Kando ya nyumba niliona kisanduku kidogo cha barua, kipya, kimepigiliwa pembeni mwa ngazi. Lazima baba yule alikuwa anakiona kila siku. Nadhani na kodi ya kila mwezi alikuwa anaiona, ndiyo maana hakuwafukuza.

Mlango wa chini ulikuwa wazi kuingiza jua, na kumi na nane ilikuwa pale ndani, imefifia kidogo, haijaguswa. Mama alikuwa kwenye ngazi, mtoto anasimama kwa kushika magoti yake. Aliniona na mkoba wangu na orodha yangu, akatikisa kichwa kwa huruma.

“Umechelewa, msichana wangu,” akasema. “Sisi tulishahesabiwa.”