Mkaguzi na Mchumba wa Shangazi

Hadi leo nikipita karibu na mashine ya kukoboa nikanusa pumba za mpunga zenye joto, namkumbuka sungura wangu Mkaguzi, na hasira inanipanda upya. Ilikuwa masika, miaka ya tisini, Ifakara. Mto Lumemo ulikuwa umejaa, uwanja wetu umegeuka tope, na banda la sungura lililokuwa nyuma ya nyumba limeingia maji. Baba na mama walikuwa wamehamia shamba, kama watu wa bonde letu wanavyofanya msimu wa mpunga, na mimi kwa sababu ya shule nikaachwa na shangazi, dada yake baba, mwanamke wa maneno mengi. Siku ya kuondoka baba aliniambia, "Waingize ndani sungura wako, na uwatunze mwenyewe."

Niliwawekea kasha kuukuu la majani ya chai kwenye kona ya stoo. Chini nikamwaga pumba, juu nikatandika mabua makavu, nusu ya kasha nikaifunika gunia ili wapate mahali penye giza pa kujificha. Mwanzoni dume na jike walibanana humo humo, na kila shangazi alipoangusha mfuniko wa sufuria walipiga miguu ya nyuma chini, du, du! Sikuwashika. Nilikaa sakafuni na matembele niliyoyanyausha juani kwanza, maana majani mabichi yenye maji huwajaza tumbo. Mwishowe dume akatoka. Akaninusa goti, akanusa magunia, akaenda hadi kwenye viatu vya shangazi akavinusa kimoja kimoja, ndipo nikamwita Mkaguzi. Alijichagulia kona moja ya kukojoa na hakuchafua kwingine. Rafiki yangu Neema, ambaye kwao ni Wasabato, alikuja kumwona akaniambia, "Kwetu hawa hawaliwi kabisa, ni najisi." Nilifurahi kusikia kuna watu wasioweza kumla Mkaguzi wangu.

Jumapili moja shangazi alikuwa anamngoja mchumba wake kutoka kijiji cha Mbingu, Msabato mpole mwenye baiskeli. Akanituma mashine na mpunga. Nikarudi na mchele kichwani na kifuko cha pumba mpya mkononi, bado za moto, za kutandikia. Ndani ya kasha nilimkuta jike peke yake, anapiga miguu. Jikoni sufuria ilikuwa inachemka, na ngozi ya Mkaguzi yenye masikio yake imetupwa kwenye ungo. Nilipiga yowe. "Nyamaza!" shangazi akanikaripia. "Kuku wote wamekufa kwa kideri, mgeni nimpe mchicha? Mwanamume anakuja kunioa, wewe unalilia panya? Nguruwe hali, kambale hali, najua. Huyu anakula majani matupu, ana kosa gani? Utasema ni kuku. Ole wako!" Machozi yalinikauka pale pale. Miiko ya Wasabato shangazi aliijua nusu. Nusu nyingine niliijua mimi, nikapiga kimya.

Mgeni akafika. "Shikamoo mjomba," nikamwamkia, nikamnawisha mikono. Akaomba sala ndefu, akala. Sikuwa na ugomvi naye, lakini nilipotumwa kumwongezea nilichagua paja, nikalisindikiza na mchuzi wa kutosha. Alipojilamba vidole akasema, "Kuku wako mtamu, mchumba." Hapo nikaingia na ungo, nikapiga magoti kwa adabu zote. "Shangazi, hii ngozi ya sungura mliyemla niianike wapi?"

Yule bwana aliyatazama yale masikio. Akatoka mbio, tukamsikia kwenye migomba akitapika. Aliporudi kuchukua baiskeli yake alisema kwa sauti ya chini, "Umenidanganya mezani, baada ya sala." Hakukanyaga tena kwetu. Shangazi alinichapa kwa ufagio hadi ukakatika, na mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja. Moyoni nilijisemea, amenikoma!

Shangazi hakuolewa. Leo ni mzee, magoti yanamsumbua, na anaishi kwangu, Ifakara hii hii ya bajaji na nyumba za vigae. Namlisha vizuri, namvisha, namtibu. Lakini sungura bado nafuga ndani, sebuleni kabisa, na kila dume ninayemleta namwita Mkaguzi. Mimi nikiwa kazini, yeye ndiye anayewalisha. Juzi aliniuliza, bila kunitazama, "Hivi siku ile ulijua kuwa Wasabato hawamli?"

"Nilijua kabla hujatia chumvi, shangazi."

"Na bado hujanisamehe."

"Bado."

Akajikongoja hadi mlangoni, akachukua matembele aliyokuwa ameyaanika juani kama nilivyomfundisha, akainama kwa taabu karibu na kasha. "Mkaguzi," akaita. "Mkaguzi, njoo ule."