Waliolala Nje ya Ukuta

Mwaka 1972 hakuna aliyezikwa mtaa wa Chemchem, mjini Tabora, bila Lukumani bin Twalibu kushiriki. Alikuwa seremala, ndiye aliyeranda zile mbao zinazomfunika maiti ndani ya mwanandani kabla udongo haujarudishwa. Ndiye pia aliyeangalia makaburi ya zamani ya kwa Twalibu, mfanyabiashara wa pembe wa enzi za misafara. Umri wake ulikaribia sitini, na watu walimheshimu kama mtoto wa mwenye makaburi. Msikitini aliachiwa nafasi safu ya mbele. Hata mkewe, Mwanamkuu, ndugu zake walimwoza kwa ajili ya jina hilo.

Jina lenyewe halikuwa lake. Mama yake, Maua, aliletwa Tabora angali msichana mdogo, amefungwa kamba pamoja na wenzake, kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alitwanga na kusaga nyumbani kwa Twalibu mpaka mzee huyo akafa. Baba yake Lukumani alikuwa mpagazi aliyepita na mizigo ya watu, akaenda zake. Twalibu hakuacha mtoto wa kiume. Kijana aliyezaliwa uani kwake akaanza kujiita bin Twalibu, na katika mji wa wapita njia nani angemkatalia? Waliojua ukweli walikuwa wachache, nao wakafa mmoja mmoja.

Maua alifariki mwaka 1938, miezi mitatu baada ya Lukumani kuoa. Walipomwuliza marehemu ni nani wake, Lukumani alisema, "Mjakazi wa marehemu baba." Basi wakamzika walikozikwa wajakazi, nje ya ukuta, upande wa magharibi. Lukumani akaweka kichwani pake nusu ya jiwe la kusagia, na tangu siku hiyo hakukanyaga pale. Akitaka kumwombea, alisimama ndani ya ukuta, kwenye kona ya magharibi karibu na kaburi la Twalibu, akasoma Fatiha yake. Watu wakasema mwana huyu anampenda baba yake.

Mwezi wa saba mwaka ule wa 1972 akaja Mwalimu Flavia Masolwa, mwenyeji wa Nzega, na wanafunzi arobaini wa darasa la sita. Shule ya mtaani ilikuwa imechagua kuyatengeneza makaburi kuwa kazi yao ya kujitegemea. Watafyeka, watajenga upya ukuta ulioanguka, na wataandika majina ya waliolala pale. Siku mbili za kwanza Lukumani alifurahi. Alitembea mbele yao akitaja huyu ni fulani, yule alikuwa fundi wa bunduki, na binti mmoja aitwaye Minza, mwenye mwandiko mzuri, akawa anaandika.

Siku ya tatu mwalimu akasema, "Mzee, kesho tutafyatua tofali. Udongo tutauchimba nyuma ya ukuta wa magharibi, kule ni laini."

"Ule ni kichanga, Mwalimu. Haushiki."

Mwalimu alikwenda, akachota udongo kiganjani, akaumwagia maji na kuufinyanga. "Mbona unashika vizuri?"

"Kuna nyoka."

"Watoto wa Nzega tumekua na nyoka," akasema mwalimu, akacheka.

Lukumani alirudi nyumbani akiwaza. Akinyamaza, watoto watafukua mifupa ya mama yake wakaitie kwenye tofali. Akisema, ataulizwa amejuaje, na jibu lipo moja tu. Alihesabu aliowadanganya, wakwe, msikiti, watoto wake mwenyewe, akaona uongo ule ameujenga kama nyumba isiyo na mlango, naye yumo ndani.

Asubuhi alichelewa kwa makusudi, kisha akaogopa, akaenda mbiombio. Alimkuta shemeji yake Saidi, kaka wa Mwanamkuu, amesimama akitazama kazi. Minza alikuwa ameinama, amekumbatia nusu ya jiwe la kusagia.

"Shikamoo, babu," akasema Minza. "Hapa mawe yamepangwa. Ni makaburi?"

Saidi ndiye aliyejibu. "Ya watumwa hayo, binti. Hayana majina. Chimbeni tu."

Watoto wakamtazama mwalimu, mwalimu akamtazama Lukumani.

"Rudisha hilo jiwe, mjukuu wangu," akasema. "Lilaze ulipolitoa."

"Ni la nani?"

"La Maua."

Minza akaliweka taratibu, akachukua daftari lake. "Maua binti nani?"

Miaka yote aliyokula mkononi mwa mama yake Lukumani hakuwahi kumwuliza jina la babaye.

"Sijui," akasema. "Andika Maua, mama yake Lukumani."

Saidi aligeuka akaondoka bila kuaga. Adhuhuri haijaadhiniwa, mtaa mzima ukawa unajua. Alasiri Saidi akaja kumchukua dada yake.

Mwanamkuu hakulia. "Yule mama nilimtuma maji kisimani," akasema. "Bi harusi mimi, namtuma mama mkwe wangu maji, na wewe umekaa barazani unatuangalia."

"Ndiyo," akasema Lukumani.

"Kaka, nenda zako. Nimezalia nyumba hii, siwezi kubeba vyungu uzeeni. Lakini mtu asiniulize kama nimesamehe."

Wanafunzi walichimba udongo upande mwingine. Ukuta waliuzungusha mpaka ukayaingiza ndani makaburi yote kumi na moja ya upande ule. Kumi waliyaandika "hajulikani". Wazee wa msikiti hawakumtukana Lukumani. Walimwambia tu kwamba sasa amechoka, uangalizi atauchukua Saidi. Mbao waliendelea kumwagiza. Nyumbani alipikiwa na kufuliwa, na maneno yalikuwa ya lazima tu: chumvi imekwisha, mgeni yupo mlangoni.

Miaka miwili baadaye watu walipokuwa wakihamia vijiji vya Ujamaa, aliwaza kwenda upande wa Usoke, mahali asipojulikana. Akapanga foleni ofisini kujiandikisha.

"Jina kamili?" karani akauliza.

"Lukumani wa Maua."

"Hilo la mwanamke. Nataka la baba, mzee."

Nyuma yake watu walikuwa wengi, na jua lilikuwa kali. Akafikiri sana, asipate jina jingine lolote.

"Bin Twalibu," akasema. Karani akaandika.

Usoke hakwenda. Mwanamkuu alikataa kuhama, naye peke yake hakuweza. Alirudi kwenye karakana yake, akachukua ubao wa mninga wa kufunikia maiti, ulioagizwa asubuhi hiyo, akaanza kuuranda.