Mwalimu wa dini wa Mamboya alivyozuia ndoa yangu kwa sababu ya Waaramu

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni bibi mwenye wajukuu ila bando nanunua mwenyewe, na haya yalinikuta mimi, sikusimuliwa.

Nimeona humu mnabishana Mwaramu ni nani. Mmeniamshia hasira za enzi za Ujamaa.

Nilichumbiwa na Eliya, kijana wa palepale Mamboya. Kanisani kwetu ndoa ilikuwa haitangazwi mpaka mfaulu darasa la mwalimu wa dini, Mzee Yona.

Akaniuliza, "Mwaramu ni nani?"

Nikajibu ni mtu wa taifa la kale, huko Shamu, yaani Syria.

"Nusu."

Wiki iliyofuata nikaongeza kwamba Kiaramu ndiyo lugha aliyoongea Yesu nyumbani kwao.

"Bado. Nenda kafikiri."

Eliya alijibu "sijui" akapitishwa! Eti mwanaume ana kazi za shamba. Mimi nilikuwa nalima na nani, wakuu? Nilitamani kupasuka.

Shangazi alishatwanga mchele wa harusi, panya wakaanza kuula.

Mara amri ya serikali ikaja, wote tuhame mlimani tushuke bondeni kijiji kipya. Mzee Yona akagoma, baba zake wamezikwa kule mlimani. Akapakiwa kwenye lori la mwisho.

Huko bondeni nilimkuta amekaa juu ya kinu katikati ya kiwanja kitupu, mvua inamnyeshea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Bado hujanijibu swali langu."

Jamani! Hana hata paa, anauliza Waaramu! Uvumilivu ukaniishia.

"Mwaramu ni mtu aliyeng'olewa kwao, amekaa juu ya kinu ananyeshewa! Inuka, Mwalimu, twende kwetu ukale."

Akajifuta mvua usoni. Kisha akasema taratibu kwamba watu wa kale kwenye Biblia walipopeleka mavuno madhabahuni walitamka kwanza kuwa baba yao alikuwa Mwaramu, mtu wa kutangatanga. Hiyo ndiyo nusu aliyokuwa akiidai.

"Nimeifundisha miaka yote," akasema, "nikidhani ni habari za watu wengine."

Akalia, wakuu. Nami nikalia, huku bado nimemkasirikia.

Jumapili alitangaza ndoa yetu chini ya turubai.

Nilichojifunza: kuna majibu huyapati darasani. Ila ule mchele sijamsamehe mpaka leo.

Ninyi wa vijiji jirani, Ulaya (siyo ile ya Wazungu) na Zombo, wazee wenu siku ya kwanza ya kuhamishwa walikalia nini? Semeni hapa chini, nasoma zote.